Muteksi ndani ya handla ya katizo: bodi inaganda pampu ikiwaka

fundi_pongwe:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, hasa kwa waliowahi kuandika draiva za Linux wenyewe.

Nina kazi ya kisima cha mtaa huku Tanga. Juu ya tangi kuna maboya manne ya kuonyesha maji yamefika wapi, na kwenye bomba la kutolea nimefunga mita ya YF-S201, ile inayotoa mapigo 450 kwa kila lita. Kazi yote inaendeshwa na Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Maboya yanapitia MCP23017, chipu ya kuongeza pini, kwa I2C (basi ya waya mbili), anwani 0x20, na pini yake ya INT, ya kutoa katizo, imeingia GPIO 27, pini ya Pi. Mita inaingia moja kwa moja GPIO 17, na nimeweka vipinga viwili vya kushusha volti 5 zifike 3.3.

Nimeandika moduli moja ya kerneli (msimbo unaopakiwa ndani ya kiini cha Linux) inayohudumia vyote viwili na kutoa /dev/kisima. Programu yangu, kisimad, inasoma faili hilo kila sekunde moja ili ipate idadi ya mapigo na hali ya maboya. Msimbo kwa ufupi ni huu. Zote mbili ni handla za katizo, yaani fanksheni ambazo prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya ili iziendeshe, ishara ikifika:

```
static irqreturn_t mita_irq(int irq, void *p)
{
    struct kisima *k = p;
    mutex_lock(&k->lock);
    k->mapigo++;
    mutex_unlock(&k->lock);
    return IRQ_HANDLED;
}

static irqreturn_t boya_irq(int irq, void *p)
{
    struct kisima *k = p;
    mutex_lock(&k->lock);
    k->hali = i2c_smbus_read_word_data(k->client, INTCAPA);
    mutex_unlock(&k->lock);
    return IRQ_HANDLED;
}
```

Na kisima_read nayo inachukua k->lock hiyo hiyo, inasoma GPIOA kwa I2C, inaandika mapigo na hali kwenye bafa, inafanya copy_to_user (kuinakili kwenda kwa programu), ndipo inaachia.

Pampu ikiwa imezimwa, mambo yanakwenda vizuri kutwa nzima. Nikiwasha pampu, maji yakaanza kupita kwenye mita, dakika haiishi bodi imeganda. Kwenye waya wa siriali naona "BUG: scheduling while atomic: swapper/0", halafu kimya.

Nilivyoelewa mimi, muteksi, hilo kufuli la mutex_lock, ipo kwa kazi hii hii: wawili wasiguse kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa nini ndiyo inayoiua bodi? Au niweke spinloki, ile aina nyingine ya kufuli?

baharia88:

Mkuu, ndani ya katizo muteksi hairuhusiwi. Kila penye mutex_lock weka spin_lock_irqsave, na kila penye mutex_unlock weka spin_unlock_irqrestore. Utakuwa salama.

fundi_pongwe:

Asante mkuu. Nimebadilisha kote. Sasa imekuwa mbaya zaidi: inalalamika hata pampu ikiwa imezimwa, mara tu kisimad inapoanza kusoma. Logi ni "BUG: scheduling while atomic: kisimad".

dada_mkunazi:

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuleta logi zote mbili. Ziweke sambamba uzisome: maneno ni yale yale, lakini ya kwanza imemkamata swapper/0 na ya pili imemkamata kisimad. Tofauti hiyo ya majina ndiyo inayoeleza yote.

Tuanze na swapper. mutex_lock ikikuta kufuli limeshikwa, inaiandika thredi (mkondo wa kazi) iliyoiita kwenye foleni ya wanaosubiri, inailaza, kisha skejula, mgawa zamu wa kerneli, anaipa kori ya prosesa kazi nyingine. Ili hilo liwezekane lazima kuwe na thredi ya kulazwa. Handla ya katizo haina thredi yake. Inaingia katikati ya thredi yoyote iliyokuwa ikiendeshwa kwenye kori ile wakati pigo linafika. Kwako kori 0 haikuwa na kazi, na kori isiyo na kazi huendesha swapper, thredi ambayo haipaswi kulala kamwe, maana ndiyo inayobaki wengine wote wakiwa wamelala. Wewe ukaiambia ilale. Na ilikuwa inawezekana pigo limkute kisimad mwenyewe akiwa kwenye kori, ameshika kufuli. Hapo ungekuwa umemlaza mwenye kufuli asubiri kufuli lake mwenyewe, na hakuna wa kumwamsha.

Kwa nini basi pampu ikizimwa haigandi? Kwa sababu mutex_lock ikikuta kufuli liko wazi inalichukua kwa operesheni moja ya atomiki, isiyogawanyika, na kuendelea, bila kumgusa skejula. Kosa lipo tangu moduli ilipopakiwa, ila linasubiri mgongano. Na mgongano wenyewe unaweza kuupigia hesabu. I2C ya Pi kwa kawaida inakwenda kilohezi 100. Kusoma rejista mbili za MCP23017 kunapitisha baiti 5 kwenye waya: anwani, namba ya rejista, anwani tena, kisha data mbili. Kila baiti ina biti 9 ukijumlisha ile ya kukiri kupokea, kwa hiyo ni biti 45, karibu milisekunde 0.45. Muda wote huo kisimad amelala, muteksi i mkononi. Sasa tuseme bomba lako linapitisha lita 20 kwa dakika. Hayo ni mapigo 150 kwa sekunde, pigo moja kila milisekunde 6.7 hivi. Gawanya: kila usomaji una nafasi kama 1 kati ya 15 ya kuangukiwa na pigo. Unasoma mara moja kwa sekunde. Dakika itaishaje?

Ukikompaili kerneli yako na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, hutahitaji kusubiri mgongano. mutex_lock inapoitwa tu mahali pasiporuhusu kulala, hata kufuli likiwa wazi, utaona "BUG: sleeping function called from invalid context" pamoja na njia nzima ya fanksheni zilizofikisha hapo. Mimi siandiki draiva bila kuiwasha. Inakuonyesha kosa mezani kwako kabla halijafika kwenye tangi la watu.

Sasa logi ya pili. Spinloki haimlazi mtu. Anayesubiri anazunguka hapo hapo hadi liachiwe, kwa hiyo aliyelishika ana wajibu wa kuliachia upesi na asilale hata kidogo. Wewe umelishika kisha ukaita i2c_smbus_read_word_data. Fanksheni hiyo inalala. Draiva ya I2C ya Pi inaanzisha mawasiliano, halafu inangoja kidhibiti kilete katizo lake la kusema kimemaliza; juu yake, kiini cha I2C kina kufuli lake la basi ambalo nalo hulaza. Ndiyo maana safari hii aliyekamatwa ni kisimad: alilala akiwa na spinloki mkononi. Haikuhitaji pigo wala mgongano, ilihitaji usomaji mmoja tu. Na hata ingekuwepo njia ya kusoma I2C bila kulala, milisekunde 0.45 kwenye prosesa ya gigahezi 1.5 ni mizunguko zaidi ya laki sita ya kukaa bure huku umeyafungia makatizo kori nzima.

Kwa hiyo muteksi imekataa, spinloki imekataa. Ndugu yetu hapo juu amesema kweli kuhusu muteksi na katizo, lakini kubadilisha jina la kufuli kote kwa mkupuo hakuwezi kutibu hili, kwa sababu kufuli lenyewe limefunga vitu visivyofanana.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Kufuli linalinda data. Watu wengi wanaliwazia kama uzio wa mistari ya msimbo: huku mwanzo, huku mwisho, katikati apite mmoja. Ukiwaza hivyo utaishia kuuliza "muteksi au spinloki?" na hutapata jibu, maana jibu halimo kwenye mistari. Chukua karatasi. Andika kila kilichomo ndani ya struct kisima, na mbele ya kila kimoja andika nani anakigusa na akiwa katika hali gani.

mapigo: inaguswa na handla ya mita, ambayo ni katizo na haiwezi kulala, na inasomwa na kisima_read, ambayo ni thredi na inaweza kulala. Ni namba moja, inaongezwa moja moja.

hali, pamoja na chipu yenyewe ya MCP23017: inaguswa na kisima_read na handla ya boya. Kuigusa kwenyewe ni kupitia I2C, maana yake ni lazima kulala. Handla ya boya imekuwa katizo kwa sababu wewe ndiye uliyeisajili hivyo. Kazi yake haikuwahi kuwa ya katizo.

Ukiisha kuandika hivyo, uchaguzi unajifanya wenyewe. mapigo ifanye atomic_t: atomic_inc kwenye handla, atomic_read kwenye kisima_read, hakuna kufuli kabisa. hali na chipu zibaki na muteksi, kwa kuwa wote wawili wanaozigusa watakuwa thredi. Na ili handla ya boya iwe thredi:

```
ret = request_threaded_irq(k->irq_boya, NULL, boya_thread,
          IRQF_TRIGGER_LOW | IRQF_ONESHOT, "kisima-boya", k);
```

Kerneli itakuundia thredi inayoamshwa kila INT inaposhuka, na ndani ya boya_thread unaruhusiwa muteksi, I2C, na chochote kinacholala. Hiyo IRQF_ONESHOT usiiondoe. Pini ya INT ya MCP23017 inabaki chini mpaka mtu asome rejista zake za INTCAP au GPIO, na thredi yako haitasoma hadi skejula aipe zamu. Bila ONESHOT, katizo lingefunguliwa upya kabla thredi haijagusa chipu, likaingia tena, na tena, kori ikazama humo. Kerneli inalijua hilo: ukiweka NULL pale kwenye handla bila ONESHOT inakurudishia -EINVAL.

Mengine mawili kwenye kisima_read, nayapitia haraka. Tumia mutex_lock_interruptible na urudishe -ERESTARTSYS ikikatizwa. Ukitumia mutex_lock tupu na kufuli likakwama, kisimad itakaa katika hali ya D (usingizi usiokatizika) na hata kill -9 haitaifikia. Na copy_to_user itoe nje ya kufuli. Chini ya muteksi si haramu, lakini inaweza kuzua kosa la ukurasa (ukurasa wa kumbukumbu haupo tayari), na kushughulikia kosa hilo kunachukua mmap_lock, kufuli la ramani ya kumbukumbu ya prosesi. Siku ukiongeza mmap (kuiruhusu programu ione kumbukumbu ya draiva moja kwa moja) kwenye draiva yako, fanksheni yako ya mmap itaitwa mmap_lock ikiwa tayari imeshikwa, nayo itataka k->lock. Njia moja inashika k->lock kisha mmap_lock, nyingine kinyume chake. Hapo umejijengea mkwamo kwa mikono yako.

K_Kisauni:

Salaam kutoka Mombasa. Maelezo ya Dada ni sahihi, lakini niulize swali la kikazi: kwani lazima uandike draiva ya maboya? Kerneli tayari ina draiva ya MCP23017, jina lake pinctrl-mcp23s08, na kwenye Pi unaiwasha kwa mstari mmoja wa config.txt:

```
dtoverlay=mcp23017,addr=0x20,gpiopin=27
```

Baada ya hapo maboya yatakuwa pini za kawaida za GPIO, utayasoma kwa libgpiod, maktaba ya kusoma pini hizo, kutoka upande wa mtumiaji. Mteja hatakulipa zaidi kwa sababu umeandika moduli.

dada_mkunazi:

Nakubaliana nawe kwa kisima chenye watu wanaosubiri maji. Msimbo uliopitiwa na macho mengi upewe kipaumbele. Ila ningependa fundi_pongwe aifungue draiva hiyo asome, hata kama ataishia kuitumia tu. Ataona ina muteksi yake kwa ajili ya rejista, na katizo limesajiliwa kwa thredi na IRQF_ONESHOT, vile vile tulivyosema. Pia ataona pini zake zimetangazwa kuwa za kulala, can_sleep, ndiyo maana draiva nyingine ya kerneli ikitaka kuzisoma inatumia gpiod_get_value_cansleep. Anayeandika draiva anawaambia wenzake wazi kwamba akiguswa atalala, na wao wanapanga makufuli yao kwa kuzingatia hilo.

fundi_pongwe:

Dada, shikamoo na asante sana. Nimefanya kama ulivyoeleza: atomic_t kwa mapigo, thredi kwa maboya, muteksi imebaki kwa chipu. Pampu imewaka mchana kutwa, maji yanapita, bodi haijatetereka. Nimewasha DEBUG_ATOMIC_SLEEP, kimya.

K_Kisauni, nimekuelewa kaka. Kwenye kisima nitaweka hiyo dtoverlay. Draiva yangu naiendeleza mezani kwa sababu nataka kuijua kazi hii mpaka ndani.

Sasa kuna jambo jipya. rmmod, amri ya kutoa moduli, mara nyingine inakwama. Nikitoa moduli huku natikisa boya kwa mkono, rmmod hairudi, na baadaye logi inasema "INFO: task rmmod blocked for more than 120 seconds". Nikiacha boya litulie, inatoka bila shida. Fanksheni ya kuondoa ni hii:

```
static void kisima_remove(struct i2c_client *c)
{
    struct kisima *k = i2c_get_clientdata(c);
    mutex_lock(&k->lock);
    free_irq(k->irq_boya, k);
    free_irq(k->irq_mita, k);
    misc_deregister(&k->misc);
    mutex_unlock(&k->lock);
}
```

Nimeshika kufuli ili asitokee mtu akagusa chipu wakati naondoka. Kosa liko wapi?

dada_mkunazi:

Marahaba. Kutikisa boya wakati wa rmmod ni jaribio zuri sana, wengi hawalifanyi.

Fuata free_irq kwa ndani. Kazi yake haiishii kufuta jina lako kwenye orodha. Inangoja handla yoyote inayoendelea imalize, na kwa katizo la thredi inaisimamisha thredi yenyewe na kusubiri itoke. Sasa boya limetikisika, boya_thread imeamka, mstari wake wa kwanza ni mutex_lock(&k->lock). Kufuli unalo wewe. Thredi inakungoja uachie, wewe ndani ya free_irq unaingoja thredi imalize. Ni kama kumfungia mtu mlango kisha ukasimama ukimsubiri apite. Boya likitulia, thredi haina la kufanya, inatoka mara moja, na ndiyo maana unaona kazi inakwenda.

Angalia ps wakati imekwama. Utaona mbili katika hali ya D: rmmod, na nyingine yenye jina linaloanzia na irq/ na kuishia na kisima-boya.

Hofu yako ilikuwa ya haki, ila kufuli halikuwa dawa yake. Anayelinda maisha ya kitu katika kuondoa ni mpangilio wa hatua. Kwanza misc_deregister, ili asije mpya kufungua /dev/kisima. Waliokwisha kufungua wanazuiwa na .owner = THIS_MODULE kwenye file_operations zako: faili likiwa wazi, rmmod inakataliwa na kuambiwa moduli inatumika. Kisha free_irq zote mbili, bila kufuli lolote mkononi. Zikirudi, una hakika hakuna handla wala thredi itakayogusa k tena, na hapo hakuna wa kugombania naye, kwa hiyo muteksi haina kazi. Mwisho ndipo kumbukumbu iachiwe.

Kanuni hiyo hiyo inahusu cancel_work_sync, timer_delete_sync (zamani del_timer_sync) na wenzao wote wenye kuishia na "sync". Kila fanksheni inayosubiri mtu amalize, jiulize kama mtu huyo anahitaji kitu ulichokishika.

Na kwa kuwa muteksi ya Linux ina mwenyewe, usijaribu kuepuka hili kwa kuichukua kwenye fanksheni moja na kuiachia kwenye thredi nyingine. Zamani kazi hii ilifanywa kwa semafo, na semafo anaweza kuiachia yeyote. Ingo Molnar alipoleta muteksi kwenye kerneli 2.6.16, mwaka 2006, aliweka masharti makali kwa makusudi: aliyefunga ndiye afungue, hafungi mara mbili, na thredi haifi ikiwa imelishika. Wapo wanaoyaona masharti hayo kama kero. Mimi nayashukuru, kwa sababu ndiyo yanayoiwezesha mashine yenyewe kukuambia nani amelishika na nani anangoja.

K_Kisauni:

Niongeze hapo hapo. Ukikompaili kerneli yako ya mezani, washa pia CONFIG_PROVE_LOCKING. Hiyo ndiyo lockdep. Inaandika mpangilio wa kila kufuli lililowahi kuchukuliwa, na siku ikiona A kisha B mahali pamoja, na B kisha A mahali pengine, inapiga kelele "possible circular locking dependency detected", hata kama njia hizo mbili hazijawahi kukutana kwa wakati mmoja. Haihitaji mkwamo utokee. Ile hadithi ya mmap_lock aliyoieleza Dada, lockdep ingeikamata siku ya kwanza. Inapunguza kasi, kwa hiyo kwenye bodi ya mteja izime.

baharia88:

Nimejifunza mengi hapa. Swali moja kwa Dada: mimi natumia kerneli yenye PREEMPT_RT, ile ya kazi za wakati halisi, kwa kazi ya mota. Nimeambiwa huko hata spinloki inalala. Ni kweli?

dada_mkunazi:

Ni kweli. Chini ya PREEMPT_RT, ambayo imeingia kwenye kerneli kuu tangu 6.12 ya mwaka 2024, spinlock_t inageuka kuwa kufuli la kulaza lenye kurithisha kipaumbele, na handla karibu zote zinahamishiwa kwenye thredi. Hata spin_lock_irqsave huko haifungi makatizo ya kori. Kinachobaki kuzunguka kweli ni raw_spinlock_t, na hiyo iachie wanaoandika vitu vya chini kabisa kama vidhibiti vya makatizo. Lakini usije ukaanza kuita I2C chini ya spinlock_t kwa sababu kwako "inalala tu". Msimbo huo ukipelekwa kwenye kerneli ya kawaida utaanguka. Andika kwa masharti ya kerneli ya kawaida, utafanya kazi kote.

fundi_pongwe:

rmmod sasa inatoka hata nikitikisa boya namna gani. Dada, nina la mwisho. Nataka draiva itoe pia wakati wa pigo la mwisho, ktime_get_ns, ili kisimad ikokotoe kasi ya maji bila kungoja sekunde nzima. Nimeweka atomic64_t ya pili kwa ajili ya wakati. Inatosha?

dada_mkunazi:

Haitoshi. Rudi kwenye karatasi yako. Mwanzo ulikuwa na namba moja, na atomiki inalinda namba moja vizuri. Sasa una mbili zinazopaswa kuendana: idadi, na wakati wa pigo lililoifikisha idadi hiyo. Ukisoma idadi, pigo likaingia, kisha ukasoma wakati, umechukua idadi ya pigo la zamani na wakati wa pigo jipya. Kila atomiki imesema kweli peke yake, lakini zikiwekwa pamoja zinakudanganya, na kasi ya maji itarukaruka bila sababu.

Hapa ndipo spinloki ina mahali pake. Data ni ndogo, mmoja wa wanaoigusa ni katizo, na kazi chini ya kufuli ni mistari miwili:

```
/* handla ya mita */
spin_lock(&k->mita_lock);
k->mapigo++;
k->wakati = ktime_get_ns();
spin_unlock(&k->mita_lock);

/* kisima_read */
spin_lock_irqsave(&k->mita_lock, flags);
m = k->mapigo;
w = k->wakati;
spin_unlock_irqrestore(&k->mita_lock, flags);
```

Upande wa kisima_read lazima iwe irqsave. Ukiweka spin_lock tupu, pigo likaingia kwenye kori ile ile ukiwa umelishika, handla itazunguka ikikungoja wewe, na wewe huwezi kuendelea mpaka handla imalize. Ndani ya handla yenyewe spin_lock tupu inatosha, kwa kuwa makatizo ya kori hiyo yamekwisha kufungwa inapoitwa.

Ukihitaji makufuli yote mawili, chukua muteksi kwanza na spinloki ndani yake. Kinyume chake hakiwezekani, kwa sababu ile ile iliyomkamata kisimad. Kwako sioni haja hata hiyo: soma chipu chini ya muteksi, iachie, ndipo uchukue mita_lock.

Chini ya spinloki nakili m na w tu. Kugawanya na scnprintf (kuandika matokeo kwenye bafa) vifanye ukishaliachia. Na kama Pi yako inaendesha kerneli ya biti 32, kugawanya hizo nanosekunde za biti 64 tumia div64_u64. Ukitumia alama ya / hapo, moduli itakataa kukompailika au kupakiwa, ikilalamika inakosa __aeabi_uldivmod.